Daftari la Mafuta: Shajara ya Kikundi Chetu cha Kihesa, Iringa

Januari 2025

Kikao cha kwanza cha mwaka kimepitisha jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Mweka hazina alikuwa anasoma matumizi ya mfuko wa jamii, na karibu kila mstari ulikuwa presha au sukari: dawa, vipimo, nauli ya kwenda na kurudi kliniki. Mama mwenyekiti akamkatisha. "Mfuko huu tuliuweka kwa ajili ya misiba na maradhi, sawa. Ila maradhi yenyewe mbona ni yaleyale?" Hapo ndipo ulipoanzia mradi wetu wa kupunguza vitambi. Mimi ni katibu, kuandika ni kazi yangu, na nitaandika mambo yanapotokea, siyo kila wiki.

Kwa asiyetufahamu: sisi ni kikundi cha hisa cha Kihesa, hapa Iringa mjini. Wengi ni kina mama, na wanaume wachache waliozoea kutaniwa. Tuna wauza genge, walimu, mama mmoja wa maandazi na chapati, fundi seremala, muuguzi mstaafu, na bibi yetu aliyevuka miaka 70 ambaye hajawahi kuchelewa kikao.

Pendekezo la kwanza lilikuwa tununue kwa pamoja ile chai ya kukata tumbo inayotangazwa kwenye simu. Muuguzi akaomba pakiti aisome. Kiungo cha kwanza: sanamaki. "Mwanangu, hii ni dawa inayoharisha. Utapungua maji, mizani itakusifia siku mbili, mafuta yako yatabaki palepale." Hoja ikafa bila kupigiwa kura. Naiandika kwa sababu pakiti hizo bado zinazunguka mitaani kwetu, na fedha ya pakiti moja inaleta nyumbani maharage ya kutosha wiki nzima.

Tumekubaliana vipimo viwili. Cha kwanza ni mizani ya kuazima kutoka kwa mwalimu mmoja. Cha pili ni futi kamba ya fundi cherehani, inayopita juu ya kitovu, pumzi imetolewa, tumbo halijabanwa ndani. Muuguzi ametuandikia mipaka inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani: kwa mwanamke, kiuno kikivuka sentimita 80 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo imeanza kupanda, kikivuka 88 imepanda sana, kwa mwanaume ni 94 na 102. Kuna na njia ya asiye na futi. Chukua kamba yenye urefu wako kutoka kisiginoni hadi utosini, ikunje mara mbili, kisha izungushe kiunoni. Ikifika na kufunga, vizuri. Isipofika, una kazi. Bibi ameipenda hii kuliko zote, na kikao kizima kiligeuka mahali pa kuvuta kamba na kucheka.

Kila mwanachama namba zake anazijua yeye na mimi tu. Hazisomwi kikaoni. Sababu nitaieleza mbele, maana ni nzito.

Februari

Kipimo cha tatu hakikupangwa, na sasa naona ndicho chenye maana kuliko vyote viwili.

Tangu mwaka jana tunanunua mafuta na sukari kwa pamoja. Madumu ya lita 20 ya alizeti kutoka kwa wakamuaji, mfuko wa sukari wa kilo 50, kisha tunagawana nyumbani kwa mwenyekiti kwa bei ya jumla. Mgao unaandikwa kwa kaya. Kwa hiyo, bila kumuuliza mtu anakula nini (na watu huongopa sana juu ya wanachokula, mimi nikiwemo), nina daftari linaloonyesha kila nyumba imebeba lita ngapi na kilo ngapi kila mwezi. Nikakaa jioni na kikokotoo.

Kaya ya kawaida kwenye daftari ni watu 5 na inachukua lita 5 za mafuta kwa mwezi. Gawa. Kila mlaji ni mililita 33 kwa siku, zaidi ya vijiko viwili vya chakula. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au protini ina 4. Kwa hiyo hayo mafuta peke yake ni kalori 270 hivi kwa kila kichwa, kila siku, sawa na kuongeza unga wa ugali wa gramu 75 ambao hakuna aliyeuona sahani. Sukari: kilo 5 kwa kaya hiyohiyo ni gramu 33 kwa mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula, yaani gramu 50 hivi kwa anayekula kalori 2,000, na kwamba ni vizuri zaidi ikishuka chini ya 25. Tumeshapita 25 kabla hatujahesabu soda, juisi za pakiti na maandazi ya barabarani. Chupa moja ya soda ya mililita 350 hubeba gramu 35 na zaidi.

Niliposoma hesabu hii bila majina, kelele zilizuka upande wa alizeti. Dada mmoja akasema alizeti ni mafuta mepesi, hayanenepeshi, yanayonenepesha ni yale ya mawese. Muuguzi akasimama. Alizeti ni bora kwa moyo kuliko mawese, hilo kweli, kwa sababu yana mafuta kidogo ya ile aina inayoganda. Lakini lita ni lita. Ukiyamimina kwa kuamini ni mepesi, umebeba kalori zilezile. Naona hapa ndipo wengi wetu tuliponenepea: tumeambiwa kitu fulani ni kizuri, tukakitumia mara mbili.

Bibi aliomba nafasi mwishoni. Akatukumbusha alivyokuwa kijana, mwaka 1973, wakikaa kwa makundi kusikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya, halafu 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Lakini anachokikumbuka vizuri zaidi ni siku za kupima watoto. Kuanzia 1983 mkoa wetu, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, ulikuwa na mpango wa lishe wa serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ulioanza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu na matokeo yakapelekwa kwa serikali ya kijiji. "Wakikuta mtoto ameshuka, hawakuanza kumfokea mama," alisema. "Waliuliza: huyu mama analima wapi? Anarudi saa ngapi? Mchana nani anampa mtoto uji?" Tathmini, chambua, tenda, halafu pima tena. UNICEF walikuja kuichukua njia hiyo ya Iringa na kuifanya msingi wa mkakati wao wa lishe wa 1990, dunia nzima. Sisi wenyewe tumeisahau.

Tumeamua kuifuata. Daftari likionyesha nyumba imepanda, swali ni kwa nini, na jibu linatafutwa na wote.

Azimio la kwanza ni dogo: chai ya kikao haipikwi tena na sukari. Sukari inawekwa pembeni kwenye bakuli, kila mtu anajikorogea. Kikao kilichofuata bakuli lilirudi na zaidi ya nusu yake. Soda ya siku ya hisa imefutwa. Fundi seremala amelalamika.

Machi

Ramadhani imeanza mwanzoni mwa mwezi na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5, kwa hiyo kikundi chote kimefunga kwa namna moja au nyingine. Mtu angetegemea daftari lishuke. Limepanda.

Nyumba za Waislamu zimepanda kwenye mafuta: sambusa, bagia, kachori, na tambi za sukari juu yake. Nyumba za Wakristo zimeacha nyama na kuongeza chai nzito na maandazi. Nyumba moja tu ya mwanachama wetu Mwislamu imebaki palepale, na tulipouliza kwa nini, jibu lilikuwa rahisi: wao futari yao ni magimbi na viazi vitamu vya kuchemsha, maharage, uji wa ulezi, na sambusa Ijumaa tu. Wala haikuwa kwa ajili ya mradi. Mama mkwe wake hapendi harufu ya mafuta ya kukaangia.

Ni mwezi wa ulanzi pia. Wanaume wetu hawajapima, wamesema watapima msimu ukiisha. Nimewaandikia tu kwamba pombe ina kalori 7 kwa gramu, karibu sawa na mafuta, na kwamba kinachofuata baada ya vikombe kadhaa huwa ni kitimoto cha kukaanga.

Aprili

Mvua, tope, Pasaka. Mgao wa mafuta ulikuwa mkubwa kuliko miezi yote. Sina la kuongeza.

Sheria mpya imepita baada ya sikukuu: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa kila mlaji mzima kwa siku. Kwa watu 5 ni lita 2 na robo hivi kwa mwezi. Tumekataa kusema "punguza mafuta" kwa sababu kila mtu anaamini ameshapunguza. Asubuhi unapima vijiko vya siku nzima kwenye kichupa kidogo, kidumu kinarudi stoo. Kichupa kikiisha, siku imeisha.

Kwa nini tusiyaache kabisa? Mwalimu aliuliza hivyo. Vitamini A iliyo kwenye mchicha, majani ya maboga, karoti na viazi lishe inahitaji mafuta kidogo ili mwili uichukue. Mboga ya kuchemsha kwa maji na chumvi peke yake inapoteza sehemu ya faida hiyo, na isitoshe watoto hawaigusi. Tulichofanya ni kubadili mpangilio: kitunguu na nyanya vinaanza na maji kidogo, vinalainika, kijiko cha mafuta kinakuja baadaye, mboga inaingia mwisho na haikai. Karanga zilizosagwa zinachukua nafasi ya mafuta kwenye kisamvu na mnafu. Nazo ni mafuta, ndiyo, lakini zinakuja na protini.

Parachichi zimejaa sokoni na zina bei ya kutupwa, zile za kienyeji ambazo hazisafiri. Hass, zile za kuuza nje, zinaondoka na malori. Ubishi mkubwa: parachichi linanenepesha au halinenepeshi? Gramu 100 zina kalori 160 hivi, na tunda kubwa linaweza kuvuka 300. Mafuta yake ni mazuri kwa moyo na lina nyuzinyuzi nyingi. Kwa hiyo linaingia mahali pa siagi kwenye mkate au mahali pa mafuta kwenye kachumbari. Mwanachama mmoja alikuwa anakula parachichi zima baada ya mlo kamili wa usiku, kama dawa. Ameambiwa aligawane na mumewe.

Mama wa maandazi amekuwa na wakati mgumu. Amesema kikaoni, bila kuficha, kwamba tunachofanya kinamkata riziki. Kikundi kimempa zabuni ya chai ya kikao: magimbi, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha. Barabarani alijaribu kuuza magimbi asubuhi. Vijana wa bodaboda na madereva wa bajaji wanataka andazi, linalobebeka na kuliwa kwa mkono mmoja. Amerudi kwenye maandazi huko, na sisi tunabaki na magimbi yetu. Sioni ubaya. Mtu anayebeba mizigo soko kuu tangu alfajiri hana shida ya andazi. Shida ni sisi tunaoketi.

Mei

Muuguzi amekuja na hoja iliyobadilisha mradi.

Alisikia wajukuu wa mwanachama mmoja nao wanapikiwa kwa kichupa. Akaomba sheria iandikwe upya kwa herufi kubwa: KICHUPA NI CHA WATU WAZIMA. Mtoto chini ya miaka mitano ana tumbo dogo, hawezi kula ugali mwingi kiasi cha kumtosha, na kinachompa nguvu ni mafuta, karanga, maziwa, yai. Ukimpunguzia hivyo kwa sababu bibi yake ana kitambi, unamdumaza.

Na hapa kwetu neno hilo siyo la vitabuni. Utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, ya juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa nchi ni 30. Njombe na Rukwa zinafuata, nazo karibu nusu. Mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi, maharage! Wageni wakisikia hawaamini.

Tulikaa juu ya jambo hili kuliko kikao chochote. Bibi akauliza yale maswali yake ya zamani: nani yuko nyumbani mchana? Mtoto anakula mara ngapi? Ikaonekana wazi kwamba nyumba moja inaweza kuwa na mama anayehangaika na kitambi na mtoto mfupi kwa umri wake, na wote wanakula kutoka chungu kimoja. Chungu hicho ni ugali mkubwa na mboga kidogo pembeni. Mama anaongeza matonge hadi ashibe. Mtoto hawezi, anaacha. Protini ya mahindi imepungukiwa na viini ambavyo maharage na dagaa wanavyo, na maharage tunayauza kwa debe ili kulipa ada, dagaa tunawaita mboga ya tabu.

Kwa hiyo sheria ya pili: sahani igawanywe kwa macho. Nusu mboga na matunda, robo ugali au wali au viazi, robo maharage, dagaa, samaki, yai au nyama. Mtoto ni tofauti: uji mzito wenye karanga na maziwa, milo midogo zaidi ya mitatu, na mtu wa kumlisha mchana akijulikana kwa jina.

Dada mmoja akasema robo sahani ya ugali kwa mume wake ni kuomba talaka. Tumekubali mume aanze na theluthi.

Juni na Julai

Baridi. Iringa yetu hii ikianza kuvuma upepo wa Juni, hata mbwa hawataki kutoka. Mizani imekufa kifo cha kawaida: watu wanapanda na sweta, koti, kitenge juu ya kitenge, soksi mbili. Hakuna atakayevua. Namba zimepanda kwa wote na hazina maana. Hata bila baridi mizani ilikuwa inatusumbua. Jioni inasema zaidi kuliko asubuhi, na siku za mwezi mwili unashika maji kilo moja au zaidi. Tumebaki na futi, kamba ya bibi na daftari la mafuta.

Ni mavuno pia. Mahindi mapya, maharage mapya, kila nyumba ina gunia, na mashine za kusaga hazilali. Hoja ya dona imekuja yenyewe. Wengi wetu tumezoea kukoboa, tunapeleka unga mweupe mezani na pumba kwa kuku. Kuku wanakula nyuzinyuzi, madini na kiini cha mahindi, sisi tunakula wanga. Mwanachama mwenye sukari amehamia dona na anasema njaa ya saa nne imepungua. Nyuzinyuzi zinachelewesha chakula tumboni. Lakini niandike na upande wa pili, maana kuna watu wamegeuza dona kuwa dawa: kalori zake kwa kilo karibu ni sawa na za sembe. Unga wa robo kilo ni kalori 900 hivi, uwe mweupe au wa kijivu. Mlima wa dona ni mlima. Pia dona haikai, mafuta ya kiini yanachacha, kwa hiyo saga ya wiki mbili, usisage gunia. Na mahindi yachambuliwe vizuri, yaliyooza na yenye ukungu yasiingie mashineni, kwa sababu sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, pale pale ambapo dona haikobolewi.

Huyo mwenye sukari, kabla hajabadili chochote, muuguzi alimtuma kwa daktari wake. Anayemeza dawa za kushusha sukari akipunguza ugali ghafla anaweza kuanguka. Na wenye presha wasiache vidonge kwa sababu futi imeshuka. Nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Chumvi: gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kijiko cha chai kilichosawazishwa. Viungo vya pakiti vya kuweka kwenye supu vimejaa chumvi na havihesabiwi na mtu. Wengi wamesikia hili kwa mara ya kwanza.

Agosti

Sasa lile jambo zito.

Mwanachama wetu mmoja amepungua vizuri, futi imeshuka, presha imeshuka, anapanda kutoka Ipogolo hadi mjini kwa miguu bila kusimama. Wiki iliyopita alitaka kujitoa. Mtaani wanasema anaumwa. Shemeji yake amempigia simu kijijini kumuuliza mama yake kama "anajua hali ya mtoto wake". Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini imezika watu wengi kwa UKIMWI, na kila mtu mzima hapa amemuona ndugu akipungua hivi hivi mbele ya macho yake. Mwanamke mnene anaonekana ametunzwa. Akikonda, ama ni mgonjwa ama ndoa ina matatizo. Hii ndiyo sababu namba hazisomwi kikaoni.

Tulizungumza hadi jua likazama. Wengine walishauri awaoneshe majibu ya vipimo, wengine wakakataa, kwa nini ajieleze kwa mtu? Kilichoamuliwa ni cha vitendo: hatembei tena peke yake. Jumamosi asubuhi tunatoka kundi zima, tunapanda hadi jiwe la Gangilonga, tunashuka. Watu wakiona wanawake kumi na fundi seremala wanapumua kwa pamoja, maneno yanabadilika. Kiasi kinachoshauriwa ni dakika 150 za mwendo wa kuhema kidogo kwa wiki, na milima ya Iringa haitaki uwanja wa mazoezi. Mama mkwe wake mwenyewe alikuja wiki ya pili, na khanga mbili na viatu vya kanisani, akafika juu kabla yangu.

Waliokwenda Nane Nane kule viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, wamerudi na mbegu za maharage na habari nyingi za matrekta.

Septemba

Vumbi, upepo, na mboga zimepanda bei kama kila mwaka. Waliobaki salama ni wenye vinyungu bondeni, ambako unyevu haukauki na mnafu, figiri na majani ya maboga yanaota kiangazi chote. Tumekubali kukodi kipande cha kinyungu kwa fedha za mfuko wa jamii, zilezile zilizokuwa zinakwenda kwenye dawa. Mweka hazina ameridhia kwa masharti, kama kawaida yake.

Hali ya daftari: kaya iliyokuwa inabeba lita 5 sasa inabeba kati ya lita 2 na nusu na 3. Chache zimerudi juu, na nyumba mbili zimeanza kununua mafuta dukani pembeni ili zisionekane kwenye mgao, jambo lililotuchekesha hadi machozi zilipokiri zenyewe. Sukari imeshuka zaidi ya mafuta, na sababu kubwa naona ni kuacha kuipika ndani ya chai. Kupunguza kutoka mililita 33 hadi 15 kwa siku ni kalori 150 hivi. Kwa karatasi ni zaidi ya nusu kilo ya mwili kwa mwezi, kama hukuongeza tonge. Watu wameongeza tonge. Kwa hiyo viuno vimeshuka taratibu, kwa wengine sentimita tatu au nne, kwa wengine hakuna kitu. Muuguzi haoni tatizo: mtu mnene akipunguza hata asilimia 5 ya uzito wake, presha na sukari huanza kusikia. Presha zinapimwa zahanati na majibu yanabaki kwa wenyewe.

Watoto wa wanachama wanaohudhuria kliniki tunaomba kadi zao tuzione mwezi ujao, kwa hiari.

Mambo yaliyo wazi hadi kikao kijacho:

Mwenye mashine ya kusaga anataka tuthibitishe idadi kabla hajatutengea siku ya dona. Watu waseme wanaleta sado ngapi.

Dagaa: kuna anayeweza kutuletea kwa jumla pamoja na perege wa bwawa la Mtera. Mweka hazina aulize bei ya gunia, na tugawane kwa daftari kama mafuta.

Sikukuu za Desemba zinakuja na mgao utapanda. Mwenyekiti anapendekeza tuandike kiasi cha sikukuu mapema, kila kaya ijipangie yenyewe, kisha tulinganishe Januari. Fundi seremala anapendekeza daftari lifungwe kabisa mwezi huo. Kura itapigwa.

Mizani ya mwalimu irudishwe. Betri imekwisha, na mwenye nayo anaidai.